Nataka kuwinda kwa vigumba vya mawe, lakini kila jiwe linapasuka ovyo

SWALI: "Nimepiga upinde kwa miaka mitatu. Upinde wangu ni wa mti mtupu, niliuchonga mwenyewe, na mawano ya mishale pia nachonga mwenyewe. Kilichobaki ni vigumba, yaani vichwa vya mishale: nataka viwe vya mawe, na siku moja niwinde navyo. Kwa miezi miwili sasa, kila jioni, naokota kokoto za mtoni na kuzigonga kwa nyundo. Ama zinapasuka vipande vinene visivyo na umbo, ama zinasagika ukingoni basi. Nilisoma kwamba watu wa kale walipasha jiwe moto kisha wakalidondoshea matone ya maji baridi, na kibanzi kikatoka pale tone lilipoangukia. Nilijaribu, jiwe likalipuka, kipande kikanikosa jicho kwa bahati. Rafiki yangu anasema kazi hii inataka mkono wa kuzaliwa nao. Je, mkono wangu ndio mbaya? Nianzie wapi? Na nitajuaje kwamba kigumba changu kinafaa kumpiga mnyama? Nafanyia kazi kwenye kibanda nyuma ya nyumba, mlango nimeufunga kelele zisisumbue majirani. Siku hizi nakohoa kidogo usiku, nadhani ni vumbi tu."

JIBU: Ndugu yangu, umeuliza mengi, na lililo zito kuliko yote umelitaja mwishoni kama la kupitia njiani. Naomba tuanze na hicho kikohozi. Mawe yatatusubiri.

Mawe yanayofaa kwa kazi hii, yaani gumegume na ndugu zake, karibu yote ni silika, madini yale yale yaliyomo kwenye mchanga na kioo. Kila unapoyagonga au kuyasugua, silika inatoka vumbi. Lile unaloliona likicheza kwenye mwali wa jua si la kutisha sana. Hunaswa puani na kooni, ukalipenga au kulitema. La kuogopa ni lile usiloliona, chembe ndogo kuliko mikroni 10, wakati unywele mmoja wa kichwa chako una unene wa kama mikroni 70. Chembe hizo huelea hewani kwa saa nyingi baada ya wewe kuweka zana chini. Huingia hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na mwili hauna uwezo wa kuziyeyusha. Mapafu huzizungushia kovu, kovu huzaa kovu, mwishowe yanakakamaa. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, na hakuna dawa ya kulirudisha pafu lililokwisha kuwa kovu. Katika mji wa Brandon, Uingereza, walikuwapo mafundi waliochonga yale mawe ya kuwashia baruti kwenye bunduki za gumegume, wakikaa ndani mchana kutwa. Wengi wao walikufa kwa mapafu kabla hawajazeeka.

Sisemi umeshaupata. Kwa kawaida ugonjwa huu hujijenga kwa miaka, na kikohozi cha usiku kina sababu nyingi nyingine. Lakini umevuta vumbi hilo kwa miezi miwili ndani ya kibanda kilichofungwa, kwa hiyo nenda kwa daktari wiki hii, na mwambie kwa maneno haya haya: navunja mawe ya silika ndani ya chumba kisicho na hewa. Usiposema, huenda asiulize, akakuandikia dawa ya mafua. Na kuanzia leo kibanda hicho ni ghala la zana tu. Kazi inafanyika nje, upepo ukikupiga ubavuni ili vumbi lipite pembeni badala ya kukurudia usoni. Vaa barakoa ya daraja la N95 au zaidi, iliyobana vizuri. Kitambaa cha kujifunga mdomoni hakizuii chembe hizi. Vifusi vilowanishe kwanza ndipo uvikusanye, kufagia vikavu ni kuzirusha upya hewani. Nguo za kazi zivue kabla hujaingia nyumbani, hasa kama kuna watoto.

Sasa huo mkono wako.

Mkono hauna kosa. Wenye makosa ni kokoto na nyundo, na hata hayo si makosa yako, ndivyo karibu sote tulivyoanza. Mimi nilipoteza msimu mzima nikiponda mawe ya mtoni, hadi mzee mmoja aliyeijua kazi hii aliponinyang'anya jiwe, akanipa kitako cha chupa na kipande cha ngozi, akasema nisimrudishie jiwe lolote kabla sijajifunza kusoma ukingo. Nilimwona ananidharau. Baada ya siku tatu nilikuwa nimebandua vibanzi vingi vya maana kuliko miezi yote iliyotangulia.

Umewahi kuona kioo cha dirisha kilichopigwa na risasi ya bunduki ya upepo? Upande ilikoingilia kuna tundu dogo. Upande wa pili kuna shimo pana, na kipande kilichotoka kina umbo la pia, lile la kuchezea watoto, lenye ncha huku na upana kule. Hivyo ndivyo nguvu inavyosafiri ndani ya kitu kigumu kisicho na chembechembe wala tabaka: inaingia mahali padogo na kutanuka kila upande kwa mpangilio ule ule. Kioo hakina mshipa wa kukiamuru kipasukie wapi, kama ulivyo ubao. Kinaitii nguvu. Sasa badala ya kupiga katikati, piga ukingoni. Ile pia nzima haiwezi kutoka kwa sababu nusu yake iko hewani. Kinachotoka ni ubavu wake, bapa, mwembamba, wenye makali pande zote. Hicho ndicho kibanzi. Kuchonga kigumba ni kubandua vibanzi vya namna hiyo kimoja baada ya kingine, huku kila kimoja kikimwachia mwenzake njia.

Kwa hiyo jiwe linalofaa ni lile linalojifanya kioo. Obsidiani ni kioo hasa, lava iliyopoa upesi kiasi kwamba haikuwahi kujenga fuwele. Gumegume na cherti, jiwe la jamii yake, zina fuwele, ila ni ndogo mno kuonekana kwa macho, na nguvu hupita ndani yake kama hazipo. Lakini kokoto nyingi za mtoni ni graniti, basalti yenye punje nene, au kwatzi iliyojaa nyufa za zamani, na juu ya hayo mto umezigonganisha kwa maelfu ya miaka hadi zikawa na majeraha ya ndani usiyoyaona. Unapopiga, nguvu hufika kwenye punje au ufa na kukata kona inavyotaka yenyewe. Fundi yeyote ungempa kokoto hizo angekurudishia vipande vinene visivyo na umbo.

Kuna njia mbili za kuchagua ambazo hazigharimu kitu. Gonga jiwe polepole kwa jiwe jingine, sikiliza: zuri hulia kama kigae cha kauri, bovu hutoa sauti ya kufa, kama kugonga gogo lililooza. Kisha vunja kona ndogo utazame ndani. Ukiona uso laini wenye mng'ao wa nta, au mawimbi yaliyopinda kama duara za maji yaliyorushiwa kijiwe, umepata. Ukiona uso unaometameta kama sukari, mwachie mwenye kujenga nyumba.

Nyundo nayo ni ngumu kuliko unavyohitaji. Chuma kikikutana na ukingo mwembamba hakipati muda wa kuushika. Kinauponda papo hapo, nguvu inaishia kwenye unga badala ya kusafiri. Ndiyo maana unaona ukingo unasagika. Wachongaji hutumia jiwe la duara lisilo gumu sana kwa vipigo vya kwanza, kisha rungu la pembe ya kulungu wa nchi za baridi, wale wanaoangusha pembe kila mwaka. Pembe hiyo ni mfupa mtupu, tofauti na ya ng'ombe au mbuzi ambayo ni ala laini kama kucha. Inabonyea kidogo inapogusa jiwe, inaushika ukingo kwa kitambo kidogo mno, na kuuvuta badala ya kuuponda. Asiye na pembe hutumia shaba nyekundu, ambayo ina ulaini wa kutosha kufanya kazi hiyo hiyo. Ukikutana na watu wanaojaza madini ya risasi ndani ya kifuniko cha bomba la shaba ili rungu liwe zito, usiige wakati bado unakohoa. Risasi ni sumu, na kuiyeyusha ni kuivuta.

Habari ya matone ya maji naijua, imezunguka kwa miaka mingi na kila mwaka inamuumiza mtu. Haina ukweli. Jiwe la moto likipata maji baridi, ngozi yake hunywea ghafla huku ndani kukiwa bado kumetanuka, na likapasuka popote penye udhaifu. Tone haliamui chochote. Tena kama ndani kuna unyevu, na kwenye jiwe la mtoni upo, unageuka mvuke usio na pa kutokea. Ndio mlipuko uliokukosa jicho.

Moto una kazi yake katika ufundi huu, ila ni kazi ya subira. Katika mapango ya pwani ya Afrika Kusini, kama Blombos, watu walikuwa wakipasha mawe moto polepole ili yapasuke vizuri zaidi, na kumalizia ncha kwa kuzisukuma badala ya kuzigonga, miaka kama 75,000 iliyopita. Jiwe hukaushwa kwanza, huzikwa kwenye mchanga chini ya moto, joto hupandishwa taratibu hadi kama nyuzi 200 au 300 za selsiasi kutegemea aina, kisha huachwa lipoe lenyewe bila kufunuliwa, hata kama ni siku nzima. Gumegume iliyopita hapo hubanduka kwa nguvu ndogo zaidi na hung'aa kuliko mwanzo. Obsidiani haihitaji, imeshapikwa na volkano. Wewe pia huhitaji kwa sasa. Weka elimu hii kando kwa mwaka mmoja.

Nianzie wapi, umeuliza. Anzia kwenye kioo, na uanze na mwisho wa kazi, yaani kusukuma, kabla ya mwanzo wake ambao ni kugonga. Kitako kinene cha chupa ni bapa tayari, kina unene unaolingana, na ukikiharibu unachukua kingine. Wala usione ni mchezo wa watoto. Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi wa California, aliyetoka porini mwaka 1911 baada ya watu wake wote kwisha, alichonga vigumba vya ajabu kwa kioo cha chupa, na aliviwekea uzuri uleule aliouwekea obsidiani. Aliishi miaka yake iliyobaki, hadi 1916, kwenye jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha California, akiwaonyesha wageni jinsi kazi inavyofanywa. Kama kioo kilimtosha yeye, kitatutosha sisi.

Zana ya kusukumia ni rahisi: ncha fupi ya shaba au pembe iliyopachikwa kwenye mpini wa mti. Yule mtu wa barafuni aliyepatikana kwenye milima ya Alpi mwaka 1991, anayeitwa Ötzi, aliyekufa miaka kama 5,300 iliyopita, alikuwa nayo kiunoni: kijiti cha mti chenye ncha ya pembe ya kulungu iliyochomekwa katikati, kama penseli nene. Ukipachika waya mnene wa shaba kwenye mpini wa urefu wa dhiraa moja utapata zana yenye nguvu zaidi, kwa sababu unaubana mpini chini ya kwapa na kusukuma kwa mwili mzima. Ongeza pedi nene ya ngozi ya kushikia kioo kiganjani, na jiwe la mchanga la kusugulia.

Na hilo jiwe la kusugulia ndilo wanaoanza wanalolidharau, wakati mimi nikihesabu muda wangu naona nusu nzima nasugua. Ukingo mkali hauwezi kubeba nguvu. Ukiusukuma ukiwa mkali kama wembe, unakatika pale pale vipande vidogo vidogo, na ukishakatika hivyo unakuwa butu na wima, huna tena pa kushikia. Kwa hiyo kabla ya kila safu ya vibanzi unausugua ukingo hadi upoteze makali, uwe kama ukingo wa sarafu ya zamani. Kwa mtu aliyekuja kutafuta makali ni jambo la kushangaza, kuua makali kwanza. Lakini pale palipokwaruzwa ndipo ncha ya shaba inapopata kituo cha kusimama bila kuteleza wala kuponda.

Kituo hicho kiwe wapi? Chukua kioo chako ukitazame kwa ubavu, kama unavyotazama ukingo wa sahani, na uchore mawazoni mstari unaokata unene wake katikati. Kibanzi kitabanduka kutoka uso wa chini, ule uliolala kiganjani. Basi ukingo unaousukuma lazima uwe chini ya mstari ule, karibu na uso huo, na pembe kati ya kituo na uso wa chini iwe kali kuliko kona ya mraba, yaani isifike nyuzi 90. Ukingo ukiwa juu ya mstari, huna utakachopata ila kuuponda au kukivunja kigumba katikati. Nimewaona watu wenye nguvu za fahali wakihangaika na ukingo ulio juu ya mstari, na binti mdogo akaja akaushusha kwa vibanzi vinne vidogo vya upande wa pili, kisha akabandua kirefu bila kutoa jasho. Mkono wa kuzaliwa nao anaousema rafiki yako ni huo: jicho lililozoea kuona mstari wa kati.

Halafu ndipo usukume, na kusukuma kwenyewe kuna siri moja. Karibu nguvu yote inaelekea ndani, kuelekea moyo wa jiwe, kana kwamba unataka ncha ya shaba itokeze upande wa pili. Unaijenga nguvu hiyo pole pole, viwiko vimeegemea mapaja kwa ndani, magoti yanabana. Ikishajaa, unaongeza kidogo tu kwenda chini, na kibanzi kinajibu kwa mlio mfupi. Anayeanza husukuma kwenda chini tangu mwanzo kwa sababu ndiko anakotaka kibanzi kiende. Akapata vijipande vifupi, ukingo unazidi kuwa mnene, katikati panabaki nundu. Nundu hiyo ndiyo kaburi la vigumba vingi. Kibanzi kikiishia njiani kwa kuvunjika wima kinaacha kidato. Kikijikunja juu kabla ya kufika kinaacha ukingo wa mviringo kama bawaba. Kila kibanzi kinachofuata kitajikwaa hapo hapo. Ukiona vidato viwili mahali pamoja, acha kuusukuma upande huo. Geuza, uje na kibanzi kutoka ukingo wa pili kipite chini ya kidato na kukibeba. Na vibanzi hupenda kufuata mgongo: acha kituo kisimame nyuma ya ule mgongo ulioachwa kati ya makovu mawili yaliyotangulia, nguvu itapita juu yake kama maji mferejini.

Ukifikisha vigumba vya kioo hamsini, vingi vikiwa vimevunjika na vichache vya kuonyesha watu, nenda kwenye vibanzi vya obsidiani au cherti vilivyokwisha kubanduliwa na mtu mwingine. Kugonga jiwe kubwa ili upate vibanzi vyako mwenyewe ni ufundi mwingine kabisa, na hapo ndipo ninapokuomba utafute mwalimu wa ana kwa ana. Mengine yote unaweza kuyasoma; pembe ya kipigo haisomeki. Alasiri moja ukiwa umeketi karibu na mtu anayejua, akikushika kiwiko na kukuambia "umeinua mno", ni bora kuliko barua zangu kumi. Idara za akiolojia vyuoni na makumbusho mara nyingi humjua mchongaji aliye karibu, kwa sababu wenyewe humhitaji.

Kuhusu mwili wako, mbali na mapafu. Ukingo wa obsidiani unaweza kuwa mwembamba kuliko wembe wa mpasuaji, na ndiyo sababu hukata bila kuuma. Mara nyingi unaona damu kabla ya kuhisi jeraha. Vaa suruali nene, weka ngozi juu ya paja, maana chini yake unapita mshipa mkubwa wa damu. Kidole kikikatwa na usiweze kukikunja au kikawa na ganzi, huo si mkato wa plasta. Huenda ukano au neva umekatika, na unahitaji daktari siku hiyo hiyo. Miwani ya kinga usiivue hata kwa "kimoja cha mwisho". Kibanzi katika jicho la ndugu yako tumekisoma sote, lakini hiki ni cha kweli. Ishi alikuwa na dawa yake: alivuta kope la chini kwa kidole, akainama kutazama ardhi bila kupepesa, kisha akajipiga kofi kubwa utosini ili kibanzi kidondoke. Naipenda hadithi hiyo na sikushauri uifuate. Usisugue, suuza kwa maji safi tele, na kama bado kunachoma, nenda hospitali ukiwa umelifunika jicho bila kulikandamiza.

Mnyama sasa. Mshale hauui kwa kishindo kama risasi, unaua kwa kukata mishipa ili damu itoke upesi, kwa hiyo makali ni huruma. Hapo jiwe halina aibu mbele ya chuma. Huyo huyo Ötzi alikufa kwa kigumba cha gumegume kilichoingia begani kwa nyuma na kukata mshipa mkubwa chini ya mtulinga. Kiligunduliwa kwa eksirei miaka kumi baada ya kupatikana kwa mwili. Lilikuwa jiwe dogo tu, la sentimita chache. Nalitaja kwa sababu wanaoanza hudhani kigumba kikubwa ndicho cha mnyama mkubwa, na vile vidogo ni vya ndege. Si hivyo. Vingi vya vile vikubwa vinavyoonekana kwenye makabati ya makumbusho ni vya mikuki ya kurusha au ni visu. Cha mshale lazima wano liweze kukibeba: kikiwa kizito mno, mshale unainamisha kichwa na kuyumba. Lenga gramu tatu hadi saba, unene usiozidi milimita tano, na pande mbili zinazolingana kiasi kwamba ukiuzungusha mshale kwenye ukucha ncha haichori duara.

Udhaifu wa jiwe ni mfupa. Chuma kikigonga ubavu hupinda au hupita. Jiwe huweza kuvunjika na kuishia hapo, na mnyama akaondoka na jeraha. Kwa hiyo anayewinda kwa jiwe hujinyima mengi. Anapiga akiwa karibu, mita kumi na tano au pungufu, mnyama akiwa ametulia na kusimama ubavu, mguu wa mbele umesogea, na kama si hivyo anaushusha upinde na kurudi nyumbani. Upinde nao uwe na nguvu ya kutosha na wano liwe zito. Kigumba kinachofaa, kwa kipimo changu, ni hiki: chonga sita vinavyofanana, vifunge kwa ukano na gundi ya utomvu uliochanganywa na mkaa na nta, baada ya kusugua kitako cha kigumba kiwe butu kisiukate ukano. Vitatu vipige kwenye shabaha laini uliyoifunika kwa ngozi mbichi. Visipolegea, visipokatika ncha, na vyote vitatu vikaingia pale pale unapopiga kwa vigumba vyako vya chuma vya uzito ule ule, vile vitatu vilivyobaki, ambavyo havijaguswa, ndivyo vya kuwindia. Usiwinde kamwe kwa kigumba kilichokwisha kupigwa mahali. Huenda kina ufa usioonekana. Na ukimpata mnyama, tafuta kigumba chote kwenye kidonda kabla ya kukata nyama. Kikipungua kipande, ile sehemu ya nyama itupe yote, maana kibanzi cha obsidiani tumboni mwa mtu ni kioo.

Kabla ya hayo yote, soma sheria ya mahali unapokusudia kuwinda, na ukaulize ofisi ya wanyamapori ana kwa ana, usitegemee ya kuambiwa. Uingereza hairuhusu upinde kabisa kwa uwindaji. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Marekani inaruhusu, lakini kila jimbo na lake: mengine hayataki jiwe, mengine yanataka kigumba kisipungue upana wa inchi 7/8, yaani kama milimita 22, na vigumba vingi vya kale ni vyembamba kuliko hapo. Huenda ukagundua kwamba ulichochonga kwa uzuri wote ni halali kutundika ukutani na haramu kupachika kwenye mshale. Ni heri kujua sasa.

Bado kuna vile vifusi vyako kibandani. Usivimwage mtoni wala porini. Vina makali kwa miguu ya watu na wanyama, na miaka mia ijayo mtu wa akiolojia atavikuta na kuamini kwamba ameona karakana ya kale. Wachongaji waangalifu huvifukia mahali pamoja na kuweka chini yake kitu kisichoweza kudanganya, sarafu ya mwaka huu au kifuniko cha chupa, na kwenye vigumba vizuri huchora alama yao kitakoni kwa ncha ya almasi. Mahali palipo na zana za kale usiokote jiwe lolote, hata kama linakuita kwa jina. Vilowanishe vifusi hivyo kabla ya kuvigusa, vaa barakoa, na mlango wa kibanda uache wazi siku nzima kabla hujaingia.